Wanja na Umbo la Jicho

Askari yeyote aliyepitia mafunzo ya vita vya msituni amefundishwa kujipaka usoni rangi ya kujificha. Sehemu zilizotokeza, yaani paji la uso, pua na mifupa ya mashavu, hupakwa rangi iliyokolea kwa sababu ndizo zing'aazo. Sehemu zilizobonyea, kama vile chini ya macho na chini ya kidevu, hupakwa rangi nyepesi. Hivyo uso hupoteza umbo lake, na adui akitazama haoni mtu. Tukisema kwamba mwanamke anayejipaka wanja mbele ya kioo hufuata kanuni iyo hiyo, huenda baadhi ya wasomaji wetu wakacheka. Lakini ndivyo ilivyo: rangi nzito hurudisha nyuma, rangi nyepesi huleta mbele. Tofauti ni kwamba askari ataka kuufuta uso wake, na mwanamke ataka uonekane.

Jicho dogo halipendezwi na wanja mzito ndani ya kingo zote mbili, kwani weusi huo hulizingira na kulipunguza. Mwenye jicho hilo apake mstari mwembamba nje, juu tu ya kope, na kuunenepesha kidogo kwenye pembe ya nje. Jicho kubwa la mviringo hustahimili wanja wa ndani, na mstari ukivutwa kuelekea sikioni hulirefusha. Jicho lililozama lahitaji rangi nyepesi juu ya ukope. Lililotokeza, rangi iliyokolea. Ama yule ambaye ngozi ya juu imeuangukia ukope wake, asipake huku amefumba jicho, maana akilifumbua mstari wote humezwa na mkunjo. Atazame kioo jicho likiwa wazi, aweke alama, ndipo apake.

Hayo ni ya urembo, na aliyekosea hufuta akaanza upya. Liko lisilofutika. Anayenunua wanja wa unga katika soko la Konyo Konyo hapa Juba hawezi kujua kwa kuutazama umesagwa kutokana na nini. Tangu enzi za Misri ya kale wanja umesagwa kutokana na jiwe la galena, ambalo ni madini ya risasi. Lugha yetu huyaita madini hayo na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki kwa jina moja, na safari hii tunaona haikukosea. Baadhi ya wanja uliopimwa ng'ambo umekutwa na risasi zaidi ya nusu ya uzito wake, na Marekani hairuhusu uuzwe kuwa kipodozi.

Mtoto ndiye anayedhurika zaidi. Husugua macho, kisha hutia vidole mdomoni, na risasi ikiingia katika damu hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani limetamka kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Hata hivyo wako wazazi wanaompaka mtoto mchanga, ati apate macho makubwa au akingwe na kijicho. Mila tunaziheshimu, ila hii tunaipinga waziwazi. Mtu mzima na achague wanja wa penseli ulioandikwa vilivyomo. Mtoto hauhitaji wowote.

Na wale wanaolala bweni moja wasiazimane kijiti cha wanja. Trakoma, ugonjwa ambao umepofusha watu wengi Sudan Kusini, huenezwa na mikono, vitambaa na nzi waliogusa majimaji ya jicho gonjwa, na kijiti hupita jichoni kabla ya chochote kati ya hivyo.