King'amuzi cha Pili Kikienda Kijijini, Kampuni Inajuaje?

Setilaiti inayoturushia DStv hapa Afrika Mashariki imekaa juu ya Ikweta, kwenye nyuzi 36 mashariki, umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Dishi la Dar es Salaam linaloielekea hutazama karibu utosini, nyuzi 81 kutoka upeo wa macho. Mawimbi yanayoliangukia ndiyo hayo hayo yanayoangukia Moshi, Kampala na Bujumbura, kwa sekunde ile ile, na setilaiti haijui nani kayadaka. Dishi la nyumbani ni sikio lisilo na mdomo: linapokea, halijibu.

Naanza na hilo kwa sababu swali ninaloulizwa sana kuhusu ving'amuzi vya kulipia linatokana na dhana kwamba kampuni inatuona. Mtu ana king'amuzi cha pili, anataka kukipeleka kwa mzazi wake kijijini huku akaunti ikibaki moja, na anauliza: watajuaje? Kwa kupitia setilaiti peke yake, hawajui. Ndiyo maana kampuni za sehemu mbalimbali za dunia zimehangaika miaka mingi kutafuta njia ya pembeni ya kupata jibu hilo. Kila njia waliyoipata inapima kitu kingine, si kile hasa walichotaka kukijua, na mteja ndiye anayebeba tofauti hiyo.

Picha ya chaneli ya kulipia hurushwa ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa siri unaobadilika kila baada ya sekunde chache. Kadi iliyomo kwenye king'amuzi ndiyo inayoifungua, mradi imepewa idhini. Idhini yenyewe nayo hushuka kwa setilaiti. Unapolipia kifurushi, kompyuta za kampuni zinaandaa ujumbe wenye namba ya kadi yako na kuurusha eneo zima la matangazo. Kadi nyingine zote zinauona na kuupuuza. Yako inautambua na kuushika. Kampuni haina namna ya kupata habari kwamba umefika, kwa hiyo inaurudia tena na tena. Hii ndiyo sababu ukishalipa unaambiwa uwashe king'amuzi, ukiache kwenye chaneli uliyolipia, na usubiri. Kama kilikuwa kimezimwa wakati ujumbe unapita, kimeukosa, na itabidi uombe utumiwe upya. Utaratibu huo wote unaitambua kadi. Haujui iko chini ya paa gani, na king'amuzi cha kawaida hakina kifaa chochote cha kujua mahali kilipo.

Kama kila king'amuzi kingelipiwa bei kamili, jambo hili lisingemsumbua mtu. Chanzo cha yote ni punguzo. Nchini Marekani, katika miaka ya 2000, kampuni za televisheni ya setilaiti DirecTV na Dish Network zilitoza kama dola 5 kwa mwezi kwa kila king'amuzi cha ziada ndani ya nyumba, ilhali kufungua akaunti mpya kuligharimu mara nyingi zaidi ya hapo. Ndugu watatu walipiga hesabu haraka: mmoja afungue akaunti, wengine wachukue ving'amuzi vya ziada na kwenda navyo makwao, bili wagawane. Upande wa pili walikuwapo wenye chaneli, kama ESPN na HBO, ambao kampuni za setilaiti huwalipa kwa hesabu ya wateja. Nyumba tatu zikihesabiwa moja, wenye chaneli wamepunjwa mbili, nao hawakukaa kimya.

Palikuwa na sababu nyingine ya kutaka kujua king'amuzi kiko wapi, ambayo huku kwetu haijulikani sana. Marekani, chaneli za habari na mechi utakazoziona hutegemea eneo unaloishi. DirecTV ilishikilia kifurushi cha mechi za Jumapili za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, tangu 1994 hadi 2022, na mechi iliyokuwa ikionyeshwa na televisheni ya eneo lako ilizibwa kwenye kifurushi hicho kwa kufuata anwani uliyojisajili. Anwani ya uongo ilikuwa na thamani. Mwaka 2001 na 2002 kampuni hizo zilianza kurusha setilaiti zenye miale finyu, kila mmoja ukimulika eneo la mji fulani na viunga vyake, kwa ajili ya chaneli za mji huo. King'amuzi kilichopelekwa mbali kilikosa chaneli za nyumbani bila mtu kukikagua. Lakini filamu, michezo na chaneli za taifa zima ziliendelea kuingia kama kawaida.

Sikio la kwanza walilolipata lilikuwa simu ya mezani. Ving'amuzi vya wakati huo vilikuwa na modemu ndani yake, ya kuripoti filamu ambazo mteja amezinunua moja moja. Kikipiga simu, namba ya laini inaonekana upande wa pili. Vitatu vikipiga kutoka laini moja, basi viko nyumba moja. Mkataba wa DirecTV ulidai ving'amuzi vyote vya akaunti viunganishwe muda wote kwenye laini ile ile. Dish Network ilitoza dola 5 zaidi kwa mwezi kwa baadhi ya ving'amuzi visivyounganishwa. Sky ya Uingereza nayo iliweka sharti kama hilo kwa ving'amuzi vya vyumba vya ziada, ikijipa haki ya kutoza bei kamili pale kimojawapo kisipounganishwa. Kisha watu wakaanza kuziacha simu za mezani. Kufikia mwishoni mwa 2016, zaidi ya nusu ya nyumba za Marekani zilikuwa na simu za mkononi tu, na sharti la laini moja likabaki bila kitu cha kushikia.

Ikabaki sauti ya binadamu, na hapa pananiumiza. Kampuni ya setilaiti huko Marekani ilikuwa na kitengo cha ukaguzi. Mfanyakazi wake anakupigia bila taarifa, anakwambia akaunti yako ina ving'amuzi vinne na anataka kuhakikisha vyote viko nyumbani. Anakuomba uende kwenye kila televisheni, ufungue ukurasa wa taarifa za mfumo na umsomee namba zilizoandikwa pale: ya king'amuzi, ya kadi, na nyingine inayobadilikabadilika ili usije ukamsomea uliyoinakili jana. Aliye sebuleni anamaliza kwa dakika chache. Ambaye kimoja kiko kwa shemeji yake mji mwingine anakwama, na ving'amuzi ambavyo havikuthibitishwa vinakatwa au vinahesabiwa kuwa akaunti nyingine.

Sasa mfikirie mteja asiye na kosa. Yuko kazini simu inapoingia. Au ni bibi wa miaka themanini ambaye televisheni moja iko ghorofani na magoti hayamruhusu kupanda. Au ni mtu mwangalifu aliyefunzwa asimtajie namba yoyote mgeni aliyempigia simu. Ukaguzi huo ulimtaka mteja afanye lile hasa ambalo benki na polisi wanatuonya tusilifanye. Matapeli wanaoiga sauti ya huduma kwa wateja wapo Marekani na wapo hapa kwetu, kwa hiyo nalisema bila kuzunguka: ukipigiwa na anayedai kukagua king'amuzi chako, kata simu, tafuta namba iliyo kwenye risiti au kwenye mkataba, uipige wewe mwenyewe. Kampuni halali haipotezi chochote kwa kusubiri dakika tano.

Huku Afrika njia iliyozoeleka ni waya. DStv ina huduma ya XtraView, inayokuruhusu kuunganisha ving'amuzi viwili au vitatu kwa akaunti moja na kulipa nyongeza ndogo badala ya kifurushi kingine. Kimoja kinafanywa kuwa kikuu. Kutoka nyuma yake unatoka waya unaoingia kwenye kile cha pili, na ndani ya waya huo kikuu hutuma ishara fupi kila mara. King'amuzi cha pili kisipoipata ishara hiyo kinaacha kuonyesha, hata kama dishi lake ni zima na kifurushi kimelipiwa jana.

Nilimsikia fundi mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, akilieleza vizuri kuliko kitabu chochote cha maelekezo. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati la sebuleni, akichuna ganda la waya mweupe kwa meno ya koleo na kuzikunja nyuzi za nje zisiguse ile ya kati ya shaba, kabla ya kukaza kichwa chake kwa vidole. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni.

"Fundi, hiki cha chumbani nikimpelekea mama Rombo si kitaonyesha tu? Dishi analo."

"Kitawaka, dada, halafu kitakuandikia hakimwoni mwenzake."

"Hata nikilipa?"

"Hata ukilipa. Hakiulizi hela, kinauliza waya."

Kama mtaalamu, nauheshimu waya huo. Haurekodi chochote, haupeleki habari zako popote, haujui jina lako wala saa unayolala. Unajua jambo moja tu, kwamba ving'amuzi viwili viko jirani. Lakini fundi alikuwa sahihi: unachopimwa ni urefu wa waya, na waya haujui ukoo. Nenda Manzese au Buguruni uingie kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita. Chini ya bati moja kuna familia sita, kila moja na sufuria zake, na waya unaweza kupita juu ya dari kutoka chumba cha mwenye nyumba hadi cha mpangaji bila ishara kufifia. Mtambo utazikubali kama nyumba moja. Mama wa Rombo, ambaye bintiye ndiye anayemnunulia dawa, unga na luku, mtambo utamkataa. Walioandika sheria ya "nyumba moja" walikuwa na picha ya baba, mama na watoto nyuma ya mlango mmoja. Familia nyingi za Kitanzania zina nyumba ya mjini na nyumba ya kijijini, na mfuko mmoja.

Sikio jipya ni intaneti, nalo linasikia mengi mno. Netflix ilianza kubana wanaogawana akaunti kwa majaribio Chile, Costa Rica na Peru mwaka 2022, na Mei 2023 ikapanua utaratibu huo hadi Marekani na nchi nyingine nyingi. Inatazama anwani ya intaneti ya nyumba, utambulisho wa kila kifaa na mwenendo wa matumizi. Kifaa kikitiliwa shaka, mwenye akaunti hutumiwa namba ya siri yenye tarakimu nne ambayo inapaswa kuingizwa ndani ya dakika 15. Ni ile simu ya ukaguzi, isipokuwa anayeuliza si mtu tena. DStv yenyewe, kwa wanaotazama kwa mtandao, Machi 2022 iliweka sharti la kifaa kimoja tu kutazama kwa wakati mmoja. Nililiona sharti hilo kuwa gumu kwa familia, ila halikuwa na upelelezi: lilihesabu vifaa bila kuuliza viko wapi.

Ving'amuzi vya kisasa vinavyounganishwa na intaneti vinaweza kufanya yote haya. Ndiyo maana sheria za taarifa binafsi zinatuhusu hata sebuleni. Kenya ina yake tangu 2019. Tanzania ilitunga yake 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Mteja ana haki ya kuuliza kampuni inachukua taarifa gani kutoka kwenye king'amuzi chake, na kwa ajili ya nini.

Kuna tofauti moja ambayo mitambo hii yote huipoteza. Kuhama na king'amuzi si sawa na kukigawa. Wamarekani wanaosafiri kwa magari ya kulala waliruhusiwa kubeba king'amuzi na dishi lao hadi kambini, kwa sababu familia ni ile ile na imehama nzima. Anayekwenda Rombo kwa Krismasi na king'amuzi chake kikuu mkobani, akakiunganisha na dishi la mama, amefanya hivyo hivyo. Kwa upande wa mitambo hakuna kinachomzuia: setilaiti ni ile ile na kadi ni ile ile. Tatizo huanza pale nyumba mbili zinapotazama kwa mpigo kwa malipo ya moja. Hapo kampuni ina haki ya kudai chake, na mimi siitetei njia ya kuikwepa. Kwa mama anayebaki kijijini, mara nyingi kifurushi kidogo kabisa kwa jina lake mwenyewe kinatosha. Taarifa ya habari, tamthilia na ibada za Jumapili hazihitaji kifurushi cha mpira wa Ulaya.

Ninachokidai kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano hapa kwetu Tanzania, na kwa Mamlaka ya Mawasiliano kule Kenya ni kidogo, na kinawezekana kesho asubuhi. Mkataba utaje wazi king'amuzi cha ziada kinaruhusiwa kukaa wapi, na utamke kuhusu safari. Na kabla ya kukata, mteja apewe taarifa yenye tarehe na namba ya kupiga. Kampuni zisiseme hazina njia ya kumfikia. Mfumo ule ule unaorusha amri ya kufunga kadi moja katika eneo zima la matangazo unaweza kurusha maandishi kwenye skrini ya kadi hiyo hiyo, wiki mbili kabla.