Ute Uliomwagika Ndani ya Titi

Mifereji ya maziwa, hata ya mwanamke asiyenyonyesha au aliyekwisha kukoma hedhi, aghalabu huwa na unyevu kidogo tu ndani yake. Lakini pengine mmojawapo huanza kujaa ute mzito, mfano wa ule wa bamia iliyochemka, ukatanuka polepole hata ukuta wake ukapasuka na ute ukamwagika katika nyama iliyo kando. Hali hii ilielezwa mwaka 1986 na tabibu wa Marekani, Paul Peter Rosen, aliyeilinganisha na vile vivimbe vya ute viotavyo kinywani kwenye tezi ndogo za mate, naye akaiona kuwa haina madhara. Haukupita muda mrefu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengine wakadhihirisha kwamba ute kama huo waweza kukutwa ubavuni mwa chembe zilizopotoka umbo, ambazo wataalamu huziita atipia, au pamoja na saratani ambayo haijatoka ndani ya mfereji, au hata na saratani ya ute yenyewe. Na tangu hapo matabibu wakaingia katika ikhtilafu juu ya shauri la kumpa mwanamke ambaye hati yake ya maabara yasema kwamba saratani haikuonekana.

Ikhtilafu hiyo asili yake ni sindano. Hali yenyewe mara nyingi haigunduliwi kwa mkono bali kwa picha ya mamografia, inayoonyesha punje za chokaa zilizojikusanya mahali pamoja. Na kwa kuwa katika nchi zetu wanawake wengi huja hospitalini wakiwa wamekwisha kushika uvimbe, sisi huiona kwa nadra kuliko wenzetu wa kule ambako wanawake hupigwa picha wakiwa wazima. Sindano itumikayo zaidi, yenye upana wa milimita 2 hivi, hutoa vijiti vyembamba vya nyama, ilhali ute hauna mshiko, hivyo huvutwa na kusukumwa, na huweza kuchukua chembe zisizo na hatia ukazitia mahali pasipo pake. Mwanapatholojia akiona chini ya hadubini kidimbwi cha ute chenye chembe zinazoelea, humlazimu kujiuliza kama zimebanduka tu kwenye ukuta wa mfereji sindano ilipopita, ama ni saratani ya ute iliyojionyesha upindo wake tu. Hapo hukata vipande vingine vya ndani zaidi na kuvitia rangi za kutafuta ile safu ya nje ya chembe inayouzunguka mfereji ulio mzima. Akiikuta bado imeshikamana na chembe zinazoelea, shaka yake hupungua sana, ingawa haiishi.

Atipia ikionekana, hapana mjadala mkubwa: mahali pale huondolewa, maana katika wanawake wa namna hiyo waliofanyiwa upasuaji, yapata mmoja kati ya watano amekutwa na saratani, na mara nyingi ni ile iliyo bado ndani ya mfereji. Pasipo atipia, idadi hiyo hushuka hadi wachache tu katika kila 100, nami naona kwamba wapasuaji wengi wamezoea mno kukimbilia kisu kwa hofu ya hao wachache. Ikumbukwe pia kwamba saratani ya ute, iliyo takriban 2 katika kila 100 za saratani za matiti, ikiwa haikuchanganyika na aina nyingine aghalabu huenda polepole na hutibika vema kuliko nyingi.

Asiye na atipia, basi, aweza kungoja huku akichunguzwa badala ya kupasuliwa, lakini kungoja huko kuna masharti. Msomaji wa picha na mwanapatholojia wakutane, walau kwa simu, wakubaliane kwamba kilichoonekana katika picha ndicho kilichotolewa na sindano, na kwamba punje za chokaa zimo katika vijiti vyenyewe. Kwani picha yenye wajihi wa kutisha ikiletewa majibu mepesi, yamkini sindano ilikosea mahali, na kazi yapasa irudiwe. Ipo pia sindano nene yenye kuvuta kwa mashine, ambayo huweza kuondoa sehemu yote iliyotiliwa shaka bila kuingia chumba cha upasuaji, kisha huachwa hapo alama ndogo ya madini ili mahali pasipotee. Uingereza huithamini sana kwa mambo kama haya.

Anayengoja hupigwa picha tena, kwa desturi baada ya miezi 6, kisha 12, kisha 24, na chokaa ikiongezeka au uvimbe ukijitokeza, huondolewa. Kwa mwanamke ambaye mashine iko mwendo wa siku nzima kutoka kwake na nauli ni ya kukopa, ratiba hiyo huwa ya karatasini tu. Huyo, hata kama hana atipia, si israfu kumwondolea mapema, maadamu ameulizwa mwenyewe na amekwisha kuelezwa kwamba yamkini kitakachotolewa ni ute mtupu.