Swali Ambalo Yesu Alikataa Kulijibu

Maganzo ni mji mdogo uliokulia mlangoni mwa mgodi wa Mwadui, wilayani Kishapu. Tangu mjiolojia wa Kanada, John Williamson, agundue almasi hapa mwaka 1940, watu wamemiminika kutoka kila upande wakifuata riziki, na makanisa yamewafuata: Katoliki, AIC, Wasabato, Walokole wa majina mengi. Jumapili mabenchi hayatoshi. Lakini imani ya mtu wa huku haipimwi Jumapili. Inapimwa usiku ule ndama wa tatu anapokufa zizini, au mtoto anaposhikwa na degedege, na mmoja wa wanakaya akauliza: nani?

Sisi Wasukuma tumelelewa na swali hilo. Baya haliji lenyewe. Lina mwenyewe, awe jirani mwenye kijicho au masamva, wahenga waliosahauliwa bila pombe wala shanga zao. Kwa hiyo mzee wa kaya humwendea nfumu, yaani mganga, kuku akapasuliwa, na mganga akasoma yaliyomo ndani yake hadi upande wa adui ujulikane. Waganga hao hao wana mizizi na majani yanayotuliza maumivu, na sioni kwa nini kanisa ligombane na mizizi. Hatari iko kwenye ramli, hasa ile inayoitwa siku hizi ramli chonganishi. Kuku hasemi. Anayesema ni mganga, naye hutoa jina, na mara nyingi jina hilo ni la bibi kizee anayeishi peke yake.

Ingia jikoni kwa bibi huyo. Ni kibanda cha udongo kisicho na dirisha, mafiga matatu katikati. Kuni ni za shida, kwa sababu nchi hii ilifyekwa miti ili kuangamiza mbung'o na kupisha pamba, hata serikali ikaanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 kurudisha ngitili zetu, yaani malisho yaliyohifadhiwa. Basi bibi anachochea mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Anainama, anapuliza, anakohoa, anafuta machozi kwa ncha ya khanga, anapuliza tena. Fanya hivyo asubuhi na jioni tangu uolewe, uone kama macho yako hayatakuwa mekundu. Macho hayo, yaliyoharibika akiwachemshia wajukuu matobolwa, ndiyo yamewaponza akina mama wengi wa Shinyanga, Mwanza na Geita. Wamekatwa mapanga usiku kwa kuitwa wachawi, na baadhi ya waliowakata walikuwa wamebatizwa.

Hapo ndipo sura ya tisa ya Injili ya Yohana inaponigusa kuliko sehemu nyingine yoyote ya Biblia. Wanafunzi wanamwona kipofu wa kuzaliwa na kumuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Wangekuwa Wasukuma tusingewashangaa. Yesu anakataa kabisa kutaja mtu. Kisha anatema mate, anachanganya tope, anampaka kipofu machoni na kumtuma akanawe Siloamu. Tazama vizuri anachokifanya. Haoni haya kutumia udongo na maji, wala haogopi kushika jicho bovu. Anatibu, ila hapigi ramli. Mambo mawili ambayo nfumu ameyashika pamoja tangu enzi, Yesu anayatenganisha.

Habari hiyo haijaishia hapo. Yule mtu anafukuzwa katika sinagogi, na Yesu anaposikia, anamtafuta mpaka anampata. Hili tunalielewa sana, kwa sababu kutengwa ndiyo adhabu kali kuliko zote katika kijiji cha Kisukuma. Sungusungu walipoibuka miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, waliishika silaha hiyo. Aliyetengwa hapewi moto wala chumvi, na hakuna anayekanyaga kwenye msiba wake. Iliwatisha wezi, hilo nakubali. Lakini iliwaangukia pia wale waliotajwa na ramli, na katika vijiji vingi hakuna mwanakanisa aliyevuka uzio kwenda kuwajulia hali.

Ukubwa wa adhabu hiyo unatokana na uzuri wa mila tuliyonayo. Mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ukipigwa, kila mwanamume anatoka. Mtu akifa, vijana wanachimba kaburi bila kuulizwa, akina mama wanakuja na unga, maji na mzigo wa kuni kichwani, na waombolezaji wanalala nje siku kadhaa. Kulima tunalima kwa kundi, jembe likienda na wimbo, na humo ndimo ilimotoka ngoma ya bugobogobo. Msamaria Mwema hakuwa mgeni kwetu. Padre David Clement aliliona hilo kule Bujora, akajenga kanisa lenye sura ya nyumba ya Kisukuma na kuzileta ngoma za vyama vya wachezaji vya Bagika na Bagalu kwenye sikukuu ya Ekaristi. Hapa kwetu Kishapu, Padre Donald Sybertz wa Maryknoll na wenzake wa Ndoleleji walikusanya methali na hadithi za Kisukuma kwa miaka mingi, wakizisoma sambamba na Injili.

Uchimbaji umelipa lile swali la zamani makali mapya. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kule Geita akichimba miezi bila kuona dhahabu, anauliza nani kamfungia bahati. Kuna waganga waliomjibu kwa kumwelekeza kwenye viungo vya watu wenye ualbino. Damu iliyomwagika kuanzia 2007 ilifanya shule ya Buhangija, mjini Shinyanga, iwe kimbilio la watoto ambao wazazi wao hawakuthubutu kulala nao nyumbani. Kila kanisa la ukanda huu lina waumini wachimbaji. Sadaka zao tunazipokea. Ni lazima tuwaulize pia bahati wanaitafuta wapi.

Sisemi kwamba Mkristo asiulize kamwe nani kahusika. Bwawa la tope la mgodi wa Mwadui lilipopasuka Novemba 2022, tope likafunika nyumba na mashamba ya Ng'wanholo na Nyenze. Hapo kuuliza ni haki, na jibu linatafutwa mchana, kwa vipimo, mbele ya watu wote. Ramli inajibu usiku, na anayetajwa hayupo kujitetea. Hata Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inamtia hatiani anayemwita mwenzake mchawi.

Kazi ya kila siku ya mfuasi wa Yesu huku iko wazi, nayo ni nzito. Mtoto akishikwa na degedege, wazee wa kanisa wafike wao kwanza, wasaidie nauli ya bodaboda hadi zahanati, wakae na baba yake usiku huo, kwa sababu usiku huo ndio anaoshawishika. Na jina la bibi likianza kunong'onwa, jumuiya ihamishie sala yake ya wiki nyumbani kwake, watu wale ugali wake, na kila mmoja aje na kuni.