Jiko Moja, Madumu Manne

Kaya nne zikipanga kwenda Kisiwa cha Saanane sikukuu ya Idd, mara nyingi hufika kwenye boti zikiwa na majiko manne, masufuria mawili ya pilau, na maji ya kunywa yasiyotosha hata kaya moja. Si uzembe. Kila mama aliwaza chakula kwa kuwa chakula ndicho kinachoonekana na kusifiwa, na kila mmoja akadhani maji yataletwa na mwenzake. Kwa sisi tunaoshughulika na afya ya mazingira, hapo ndipo safari njema huharibikia, na hapo ndipo inaporekebishika kwa urahisi kuliko kwingine kote.

Saanane inadanganya kwa ukaribu wake. Ni hifadhi ya taifa iliyo ndani ya jiji la Mwanza: unapanda boti Capripoint, dakika chache umevuka, na ukiwa juu ya mawe ya kisiwa unaiona Mwanza yote na milima yake. Eneo lake ni kilomita za mraba 2.18 tu, pamoja na maji yanayokizunguka. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa na makazi yake hapo kabla serikali haijakichukua kisiwa mwaka 1964 na kukifanya bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Kwa kuwa mji uko pale pale mbele ya macho, watu huondoka nyumbani kana kwamba wanakwenda Kirumba kununua dagaa. Lakini Kirumba ukisahau kitu unarudi na bodaboda. Saanane ukisahau dawa ya mtoto, unasubiri boti.

Ushauri wangu kwa vikundi vya familia ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: gawaneni vitu vinavyohudumia mahali, lakini kila kaya ijibebee vitu vinavyohudumia mwili. Turubai, mkeka, jiko, sufuria, visu na deli la barafu ni vya mahali. Kimoja kizuri kinatosha watu 20. Maji ya kunywa, dawa, nguo ya baridi na jaketi okozi ni vya mwili. Hivyo havina wastani. Kikundi kinaweza kuwa na jaketi nyingi kuliko watu na bado mtoto mmoja akavuka bila jaketi linalomtosha.

Tuanze na deli, maana hapa kushirikiana kuna faida inayopimika. Deli moja kubwa lililojaa hukaa na baridi muda mrefu kuliko madeli manne madogo yaliyojaa nusu. Joto huingia kupitia kuta na mfuniko, na chombo kikubwa kina ukuta mdogo ukilinganisha na kilichomo ndani. Hewa iliyo katika nafasi tupu nayo hubadilishwa kila mfuniko unapoinuliwa. Kwa hiyo changieni barafu ya pamoja, na ikiwezekana iwe ya vipande vikubwa. Barafu iliyopondwa huyeyuka upesi kwa sababu imeachwa wazi kwa joto pande nyingi. Pangeni barafu juu, kwani baridi hushuka. Njia ninayoipenda zaidi ni kugandisha chupa za maji usiku wa kuamkia safari: asubuhi ni barafu, mchana ni maji ya kunywa, na chakula hakilowi. Kama kuna madeli mawili, moja liwe la soda na maji, ambalo watoto watalifungua kila dakika, na la pili liwe la nyama na sato wabichi, lisiguswe mpaka mpishi aseme.

Pilau ni hadithi nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida. Ama kiwe cha moto zaidi ya nyuzijoto 60, ama cha baridi chini ya nyuzijoto 5. Sasa fuatilia sufuria la pilau la pamoja. Mama wa Nyakato amelipika saa 11 alfajiri. Limesubiri kaya ya Igoma iliyochelewa daladala, limesubiri boti, limesubiri watoto warudi kutoka kuangalia pundamila, na linafunguliwa saa 8 mchana likiwa vuguvugu. Sufuria lenyewe halina kosa. Lililokosekana ni mtu wa kukumbuka saa. Nyumbani mpishi ndiye mlaji, anajua alipika lini. Kwenye chakula cha shirika, anayepakua hajui, na anayejua yuko kwenye mawe anapiga picha. Wali una hatari yake mahususi: mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili mchemko, na wali ukikaa na uvuguvugu huamka, huzaliana na kutoa sumu ambayo hata kupasha moto tena hakuiondoi. Ndiyo maana watu husema waliupasha vizuri na bado wakatapika jioni.

Dawa yake ni nyepesi. Andika saa ya kuivisha kwenye kipande cha karatasi, kibandike juu ya mfuniko. Funika sufuria likiwa linatoka jikoni, lizungushie blanketi nene na uliweke kwenye kikapu kirefu. Sufuria kubwa lililojaa hutunza moto vizuri likifungwa hivyo, tena kuliko mahotipoti madogo manne. Au, bora zaidi, pelekeni vitu visivyoogopa saa. Wasukuma walilitatua jambo hili zamani kwa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa. Chakula kikavu hakiwapi bakteria maji wanayoyahitaji. Matobolwa, karanga, ndizi mbivu na mayai yaliyochemshwa yasiyomenywa, yakikaa kwenye deli, vinabeba watoto mchana mzima, na pilau linaweza kusubiri jioni nyumbani. Kabla ya kubeba mkaa, ulizeni maofisa wa hifadhi moto unaruhusiwa wapi. Na chochote mnachobeba kiwe na mfuniko wa kukaza: tumbili wa Saanane wanajua kufungua mfuko kuliko watoto wenu, na kuwalisha wanyama hifadhini hakuruhusiwi.

Maji. Mtu mzima juani anahitaji lita 2 hadi 3 kwa siku, mtoto lita 1 na ziada. Kikundi cha watu 20, nusu yao watoto, kinahitaji kama lita 40, yaani madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa, kilo 40 za kubeba. Uzito huo ndio unaofanya maji yasibebwe na mtu, na ndio unaonifanya niseme yasiachiwe kaya moja. Kila kaya ije na dumu lake la lita 10. Kaya moja ikichelewa au ikiahirisha, imeondoka na maji yake na walaji wake, waliobaki hawakupungukiwa.

Ongezeni dumu la kunawia. Maji ya ziwa yako hatua chache na yanavutia, lakini Ziwa Victoria lina kichocho. Viluwiluwi wake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi katika dakika chache, hasa penye majani na maji yaliyotulia karibu na ufuko, pale pale watoto wanapopenda kuchezea. Praziquantel hutibu, lakini haikingi dhidi ya maambukizi mapya. Tena kuna mamba. Mtoto akinawa kwa maji yaliyotoka nyumbani, sababu moja ya kumfikisha ukingoni imeondoka.

Jaketi okozi sitaki lizungumzwe kwa haraka. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara, kikiwa kimepakia watu wengi kupita uwezo wake wa 101, na zaidi ya watu 220 walikufa. Kanda hii inajua maji. Basi kabla boti haijang'oa nanga, mzazi amkague mtoto wake mwenyewe: funga mikanda yote, shika jaketi mabegani, linyanyue juu. Likipanda mpaka masikioni na kidevu kikazama ndani, ni la mtu mzima, na majini litamwacha achomoke. Omba la saizi yake. Kama halipo, subiri boti ya pili. Kikundi kisimharakishe mzazi anayesubiri.

Dawa nazo zibaki kwa mwenye nazo. Sanduku la huduma ya kwanza, lenye bandeji, glavu na chumvichumvi za kuharisha, linaweza kuwa la wote. Lakini Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na seli mundu duniani, na Kanda ya Ziwa imeguswa sana. Mtoto wa namna hiyo akipungukiwa maji, au akipigwa na upepo wa ziwa akiwa amelowa, anaweza kuingia kwenye maumivu makali ndani ya siku hiyo hiyo. Chupa yake ya maji na sweta lake visihesabiwe kwenye mali ya kikundi, hata kama kuna mtoto mwingine analia baridi. Mama yake aseme mapema, bila aibu, na wenzake wamsikilize.

Kwa safari ndefu kama ya Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, ambako sokwe walioletwa kutoka Ulaya miaka ya 1966 hadi 1969 wamezaliana na kuishi msituni, familia hulala, na hapo huja ushirika wa aina nyingine: wanaoondoka kuwaachia wanaoingia. Kwenye bustani kubwa za michezo kama Walt Disney World ya Florida, wapo wanaowaachia wageni wapya vigari vya watoto na maji ya chupa, kwa kuwa havibebeki kwenye ndege. Hata kisiwani jambo hili ni jema, mkiwa na mipaka. Toeni maji ambayo hayajafunguliwa, mkaa, sabuni, kiberiti, chumvi, michembe. Msitoe chakula kilichopikwa, wala dawa iliyokwisha kufunguliwa, wala mafuta yaliyokaangiwa. Na takataka si zawadi kwa mtu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo bebeni kiroba kimoja kikubwa cha taka, na mpeni mtu mmoja jukumu la kukirudisha Mwanza.

Fedha ziwe za mwisho kutajwa lakini za kwanza kukusanywa. Mweka hazina apokee mchango wa vitu vya mahali tu, yaani barafu, mkaa, turubai la kukodi, na agawe kwa idadi ya vichwa, watoto wadogo wakihesabiwa nusu. Hesabu ifungwe Capripoint mkirudi, kabla watu hawajatawanyika kwenye daladala, na anayedai arudishiwe chake pale pale.