Ndege ndogo: Kifaa cha kufuatilia safari hakioni ukungu wa Shimba

NDEGE ndogo inayopaa kutoka uwanja wa Ukunda, Diani, kuelekea Nairobi hukutana na milima mapema mno. Njia iliyonyooka hupita karibu na mji wa Kwale, huvuka Milima ya Shimba, kisha huingia katika nyika ya Taru karibu na Mackinnon Road, kituo cha reli na barabara kuu kilicho umbali wa takriban kilomita 90 kutoka Mombasa. Kwa dakika chache tu, rubani hutoka usawa wa bahari na kujikuta juu ya ardhi iliyoinuka zaidi ya mita 400.

Upepo wa baharini hubeba unyevu na kuupandisha kwenye miteremko ya Shimba. Hewa hiyo hupoa na kugeuka ukungu au mawingu ya chini, hasa nyakati za asubuhi. Hivyo basi, jua linaweza kuwa linawaka Mackinnon Road, ufuo wa Diani nao ukawa mweupe, ilhali vilele vilivyo katikati vimefunikwa kabisa.

Mnamo Oktoba 28, 2025, ndege aina ya Cessna Caravan iliyokuwa imetoka Diani ikielekea Maasai Mara ilianguka Tsimba Golini, Kaunti ya Kwale, mwendo wa saa mbili na nusu asubuhi. Watu wote 11 waliokuwa ndani walifariki: watalii wanane kutoka Hungary, wawili kutoka Ujerumani, na rubani Mkenya. Kueleza chanzo cha ajali hiyo ni kazi ya Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege (AAID). Hata hivyo, mkasa huo uliwarejesha wenye ndege ndogo kwenye swali la zamani: ni vifaa gani vinavyofaa kununuliwa?

Swali hilo kwa hakika ni maswali mawili. La kwanza ni jinsi walio ardhini watakavyojua ndege iko wapi. La pili ni jinsi rubani atakavyojua kilicho mbele yake. Wauzaji hupenda kuyajibu yote mawili kwa kifaa kimoja, na hapo ndipo mnunuzi hupotoka.

Sheria za kimataifa hazimsaidii sana mwenye ndege ndogo. Baada ya ndege ya Malaysia, MH370, kutoweka Machi 2014 ikiwa na watu 239, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) liliweka kanuni za ufuatiliaji. Ile inayotaka ndege itangaze mahali ilipo kila dakika inapokuwa taabani inahusu ndege mpya zenye uzito wa zaidi ya kilo 27,000. Caravan haifikishi hata kilo 4,000. Kwa hivyo, mengi yamebaki mikononi mwa mmiliki.

Kifaa cha msingi ni kile cha dharura kiitwacho ELT, ambacho hujiwasha chenyewe ndege inapogonga chini. Tangu Februari 1, 2009, setilaiti za mfumo wa uokoaji wa Cospas-Sarsat hazisikilizi tena mawimbi ya zamani ya 121.5 MHz, husikiliza yale ya 406 MHz pekee. Anayeuziwa kifaa cha zamani kwa bei nafuu ananunua kengele ambayo setilaiti haisikii. Kifaa cha kisasa nacho sharti kisajiliwe, ili ishara yake ifichue mara moja ni ndege gani na ni nani wa kupigiwa simu. Kilicho bora zaidi kina GPS ndani yake.

Hata hivyo, ELT ina udhaifu. Antena ikikatika au moto ukizuka, inaweza kunyamaza. Ndiyo sababu inahitaji kusaidiwa na kifaa kinachotuma taarifa kabla ya ajali, si baada yake.

Kifaa kimoja cha aina hiyo ni ADS-B, ambacho hutangaza mahali ilipo ndege na mwinuko wake takriban mara mbili kwa sekunde. Lakini mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka. Ndege iliyo mita 300 juu ya tambarare hupokelewa na antena ya ardhini umbali wa kilomita 70 hivi. Kilima kikiingia kati, hupotea. Tangu 2019 zipo setilaiti zinazopokea mawimbi hayo kutoka juu, ila ndege yenye antena chini ya tumbo pekee huwa vigumu kusikika.

Cha pili ni kifaa cha kufuatilia safari kupitia setilaiti. Mnunuzi aulize mambo mawili. Kwanza, je, mtandao wake unafika Afrika Mashariki? Ule wa Iridium hufunika dunia nzima, lakini mingine hutegemea vituo vya ardhini na huwa na mapengo. Vifaa vinavyotegemea minara ya simu vinaweza kufanya kazi karibu na barabara kuu ya Mackinnon Road, kisha vikanyamaza ndani ya Tsavo.

Pili, hutuma taarifa kila baada ya muda gani? Ndege inayokwenda kilomita 270 kwa saa husafiri kilomita 45 kwa dakika 10. Ikitoweka baada ya muda huo, eneo la kutafutwa linaweza kuzidi kilomita mraba 6,000, yaani zaidi ya robo tatu ya Kaunti ya Kwale. Taarifa zikitumwa kila dakika mbili, eneo hilo hupungua hadi kilomita mraba 250 hivi. Mnamo Juni 5, 2018, Caravan iliyotoka Kitale ikiwa na watu 10 ilitoweka. Mabaki yake yalipatikana milimani Aberdare siku mbili baadaye, baada ya hali mbaya ya hewa kutatiza utafutaji. Wote 10 walikuwa wamefariki.

Kuhusu hali ya hewa, tahadhari ya kwanza ni matangazo ya Marekani. Huko, vituo vya ardhini hurusha bure taarifa za mvua na dhoruba kupitia mawimbi ya 978 MHz. Kenya haina huduma hiyo. Kifaa kinachosifiwa huko kitamwonyesha rubani wa Diani ndege nyingine zilizo karibu, lakini ukurasa wa hewa utabaki mtupu.

Rada ya ndani ya ndege hufanya kazi popote, na Caravan huweza kufungwa moja kwenye bawa. Lakini rada huona matone ya mvua, haioni ukungu. Kifaa cha kunasa radi nacho huonyesha dhoruba pekee. Picha zinazoletwa na setilaiti husaidia kuona mpangilio wa mawingu, ila zina umri. Mwaka 2012, bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani (NTSB) ilionya kwamba picha za rada zinazofika ndani ya ndege zaweza kuwa zimechelewa kwa dakika 15 hadi 20 kuliko saa inayoonyeshwa kwenye skrini. Muda huo unatosha kuvuka Shimba na kufika Mackinnon Road.

Dhidi ya ukungu juu ya kilima, kifaa kinachofaa zaidi ni cha tahadhari ya ardhi, ambacho hulinganisha GPS na ramani ya milima na kumwonya rubani kabla hajaikaribia mno.

Kwa mwenye mfuko mdogo, basi, mpangilio ni huu: ELT ya 406 MHz iliyosajiliwa, tahadhari ya ardhi, kisha kifaa cha setilaiti kinachotuma taarifa kila dakika mbili au chini ya hapo. Rada na picha za mawingu zifuate. Ufungaji ufanywe na fundi mwenye leseni, kwa mujibu wa masharti ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA).

Viwili zaidi havinunuliwi dukani. Pawepo mtu ardhini anayetazama skrini, akijua ampigie nani simu iwapo alama ya ndege itasimama. Na rubani apewe ruhusa ya wazi ya kuahirisha safari au kurudi Ukunda anapoona Shimba imefunikwa, hata kama wageni wamelipa na wanasubiriwa Mara.