Mafundi wa Kijiweni

Ndugu msikilizaji, ukitaka kujua habari za magari katika jiji la Dar es Salaam huna haja ya kwenda chuo. Kaa tu kwenye benchi la muuza kahawa, saa kumi na moja jioni, kisha useme kwa sauti ya kusikika kwamba gari lako linachemsha. Kabla hujamaliza kikombe cha kwanza utakuwa umekwisha kupewa dawa nne, na tatu kati ya hizo zitakuwa zinapingana. Leo nimekusudia kuzipima baadhi ya dawa hizo. Wanaozifuata mara nyingi si watu wenye fedha za kuchezea. Namfahamu mwalimu mstaafu aliyenunua gari kwa mafao yake ili alifanye teksi. Mtu kama huyo injini ikimfia, hana mafao mengine ya kungojea.

Zamani mabishano haya yalikuwa machache kwa kuwa magari yenyewe yalikuwa machache. Mkazi wa kawaida alilitegemea basi la UDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1974, na swali kubwa lilikuwa basi litafika saa ngapi. Mwaka 1983 watu binafsi waliporuhusiwa kubeba abiria tukapata daladala, jina lililotokana na nauli ya wakati ule, shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala. Masharti ya biashara yalipolegezwa, magari yaliyotumika Japani nayo yakaanza kumiminika bandarini.

Kwa nini Japani? Kwanza, wenzetu wale huendesha upande wa kushoto kama sisi, hivyo usukani uko kulia. Pili, sheria yao inadai gari dogo jipya lipimwe baada ya miaka mitatu, na tangu hapo kila baada ya miaka miwili. Vipimo hivyo na ada zake hugharimu fedha nyingi, na wengi huona heri kuliuza gari ambalo bado linatembea vizuri. Kenya imekataza kuingiza gari lililopita umri wa miaka minane. Tanzania haikukataza; hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu.

Hapo ndipo linapoingia neno la kwanza la kijiweni. Utamsikia muuzaji akijisifu, "Hii namba D, bado bichi kabisa!" Namba zetu za usajili zilianza na herufi A, ikaja B, C, D, na kuendelea, na watu wamezoea kupanga bei kwa herufi hiyo. Lakini herufi inasema gari limesajiliwa lini hapa Tanzania, basi. Gari lililotengenezwa mwaka 2003 likasajiliwa hapa mwaka 2018 ni namba D, na ni kuukuu kuliko namba C iliyotoka kiwandani mwaka 2007. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Iombe uisome mwenyewe. Na kwa kilomita, usiridhike na dashibodi, maana zinarudishwa nyuma kwa dakika chache. Tazama mpira wa pedali ya breki, kingo za kiti cha dereva na ngozi ya usukani. Ukiona pedali imelika hadi chuma na dashibodi inadai kilomita elfu arobaini, mmoja kati yao anasema uongo, na sidhani kama ni pedali.

Sasa tuje kwenye ugomvi mkubwa kuliko yote, wa themostati. Hoja ya kijiweni ni hii: themostati ni kifaa cha nchi za baridi, hapa Dar es Salaam kuna joto, kwa hiyo ing'olewe itupwe. Hoja hiyo inaingia akilini upesi, na ndiyo sababu imeenea. Lakini hebu tufanye hesabu. Joto la mchana wa Dar ni kama nyuzi 30. Injini inataka kufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Kwa injini, basi, hata Dar ni baridi! Themostati ni mlango mdogo wenye nta ndani yake. Maji yakiwa bado ya baridi mlango hufungwa, maji huzunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka. Yakikaribia nyuzi 80 na kitu, nta huyeyuka na kutanuka, mlango hufunguka, maji hupita kwenda kwenye rejeta kupozwa.

Ukiung'oa mlango huo, injini huchelewa kupata moto. Kompyuta ya gari hudhani asubuhi haijaisha, ikaendelea kumwaga petroli nyingi, na unyevu hubaki ndani ya oili badala ya kukauka. Mwenye teksi atalalamikia bei ya mafuta, kumbe anayachoma mwenyewe.

Nikiri kwamba kijiwe hakikuota tu. Themostati huweza kuganda ikiwa imefungwa, na hapo gari litachemsha kweli, na ukiitoa litapona siku hiyo hiyo. Dawa yake, hata hivyo, ni kuweka nyingine. Ukitaka kuijaribu ile ya zamani, itie katika sufuria ya maji jikoni uyachemshe. Isipofunguka hata maji yakitokota, imekufa. Ikifunguka, haina kosa, na lazima umtafute mkosaji kwingine: feni, pampu ya maji, kifuniko cha rejeta kilicholegea, au rejeta yenyewe iliyoziba kutu kwa sababu ya maji ya kisima chenye chumvi. Kutoa themostati katika hali hiyo ni kumnyamazisha anayepiga kelele za moto. Gari litatulia wiki mbili, kisha gasketi ya silinda hedi itaungua, na bili ya fundi itakuwa ya kutisha.

Neno jingine ni la msimu wa mvua. Bonde la Msimbazi likijaa pale Jangwani, husemwa kwamba ukanyage mafuta kwa nguvu upite upesi. La hasha! Ukienda kasi unasukuma wimbi, maji yanapanda hadi kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Hewa hugandamizika ndani ya silinda, lakini maji hayagandamiziki; pistoni ikiyakuta, kinachopinda ni mkono wake. Na gari likizimika majini, usiliwashe tena. Sukumeni, vijana wa pale hawakosekani, ingawa bei yao hupanda pamoja na maji.

Kuhusu kuchora namba ya gari kwenye saiti mira na taa ili zisiibwe, hapo nakubaliana na kijiwe moja kwa moja.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumzia matairi ya mtumba. Kwa kujiandaa, leo jioni tazama ubavuni mwa tairi lako utafute tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 3512, lilitengenezwa juma la 35 la mwaka 2012.