Nyota Mgeni Akibisha Hodi

Mtu akibisha hodi usiku nasi tukauliza "Nani?", mara nyingi hujibu "Mimi". Ukiliandika jibu hilo kwenye karatasi halina maana, lakini mlangoni linatosha, kwa kuwa sauti humtaja mtu kabla ya jina lake. Mimi ninayepata riziki kwa sauti nalijua hilo. Leo nataka tuwazungumzie wageni wa angani ambao nao hutambuliwa kwa namna hiyo.

Usiku wa tarehe 21 Januari, 2014, mwalimu Steve Fossey alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake kutumia darubini kaskazini mwa jiji la London. Mawingu yalikuwa yanafunga, wakawahi kuielekeza kwenye M82, galaksi iliyo mbali kiasi kwamba nuru yake husafiri miaka karibu milioni 12 kabla ya kutufikia. Hapo Fossey akaona nukta ambayo haikuwamo katika picha za zamani. Wakaipiga picha kwa darubini nyingine, wasije wakadanganywa na kasoro ya chombo, ndipo wakatoa taarifa.

Ilikuwa supanova, yaani nyota iliyolipuka. Lakini nyota hulipuka kwa njia zaidi ya moja, na nukta ni nukta tu. Utajuaje ni ipi?

Wataalamu huipitisha nuru yake kwenye chombo kinachoitawanya katika rangi zake, kama matone ya mvua yanavyoitawanya nuru ya jua ikawa upinde. Upinde huo wa nyota huitwa spektra. Ukiutazama vizuri utaona sehemu zenye giza, mahali ambapo gesi fulani imemeza rangi fulani. Haidrojeni ina alama zake, heliamu zake, silikoni zake. Hiyo ndiyo sauti ya mgeni.

Mwaka 1941 mtaalamu Rudolph Minkowski, akiwa Marekani, alizigawa supanova mafungu mawili: zisizo na haidrojeni akaziita aina ya kwanza, zenye haidrojeni aina ya pili. Baadaye aina ya kwanza nayo ikagawanywa. Yenye alama nzito ya silikoni ni Ia. Isiyo na silikoni hiyo lakini ina heliamu ni Ib. Iliyokosa zote mbili ni Ic.

Hapa msikilizaji awe mwangalifu, kwani majina haya yanapotosha ukoo. Aina ya pili ni nyota kubwa, yenye uzito unaozidi wa jua mara nane au zaidi, ambayo kiini chake kimeporomoka. Ib na Ic ni ndugu zake wa damu, ila zilikuwa zimekwisha kuvuliwa nguo zao za nje za gesi kabla ya kulipuka. Ia peke yake ndiyo ya ukoo mwingine: ni nyota kibete nyeupe, mabaki ya nyota iliyokwisha kuzimika, yenye ukubwa kama wa dunia yetu, ambayo huwaka ghafla yote kama bomu la nyuklia.

Haikuchukua siku nyingi mgeni wa M82 akatambuliwa. Haidrojeni hakuna, silikoni ipo, nayo ikirushwa kwa kasi ya maelfu ya kilometa kwa sekunde. Ilikuwa Ia. Baadaye chombo cha angani kiitwacho INTEGRAL kilinasa miali ya gama ya kobalti, ambayo mlipuko wa namna hiyo ulitazamiwa kuitoa. Ushahidi wa pili ukaafikiana na wa kwanza.

Je, yanatuhusu nini? Supanova za Ia huwaka kwa nguvu zinazokaribiana, hivyo ni kama taa zinazojulikana ukali wake: ukiiona hafifu, unajua iko mbali. Kwa taa hizo, mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yaligundua kwamba ulimwengu unapanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2011 kwa kazi hiyo. Sasa tia Ic moja kimakosa katika kapu la Ia: umbali utakosewa, na hesabu ya ulimwengu itakosewa nao.

Hatari hiyo haijaisha. Siku hizi darubini zinazojiendesha zenyewe huokota maelfu ya nukta mpya kila mwaka, na ni sehemu ndogo tu inayopimwa spektra kabla haijafifia. Nyingine hukisiwa aina yake kwa jinsi zinavyong'aa na kufifia. Hodi zimekuwa nyingi kuliko masikio.

Katika kazi yetu ya habari tunayaelewa hayo. Kusema "kuna kitu kimetokea" ni rahisi, na anayetangulia kusema hupata sifa. Kusema ni kitu gani hasa kunahitaji mtu atakayesimama mlangoni, akasikiliza, kabla ya kufungua. Kwaherini.